Uzi: Kamera inakata picha usiku kwenye mwalo wa dagaa, nikiingia kuikagua inakuwa nzima. Wanaojua masafa ya RAM na keneli karibuni

#1 Fundi_Nyakato

Wakuu, mwangaluka. Naombeni akili zenu, hii ni wiki ya tatu nimekwama.

Nina kasha nimelifunga kwenye mlingoti wa mwalo mmoja wa dagaa upande wa Ukerewe. Ndani kuna kompyuta ya bodi moja ya ARM, prosesa ya viini vinne, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya aina ya LPDDR4, kamera ya 4K, betri ndogo ya 12 V ya 7 Ah, na paneli ya sola juu. Mtumbwi ukifika, kihisi cha mwendo kinaiamsha kamera, inarekodi dakika kumi, halafu inatulia. Kwenye video tunahesabu ndoo zinazoshushwa na kusoma namba ya mtumbwi ubavuni. Mwenye mitumbwi na wavuvi wake walikuwa hawaelewani kwenye hesabu, kila upande una daftari lake, wakakubaliana picha ndiyo iwe shahidi. Kwa hiyo picha ikikatika, ugomvi unarudi pale pale.

Mchana inarekodi safi kabisa. Usiku, hasa kuanzia saa tisa mitumbwi inapoanza kurudi, picha inaruka. Mvuvi anaonekana ameinama na ndoo, sekunde inayofuata ndoo iko mchangani na yeye yuko ndani ya maji tena. Katikati hapo hapana kitu. Nyingine zina mistari ya kijani imekata picha nusu.

Kinachonitesa ni hiki: nikiamka usiku nikaingia kwenye kasha kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao, kutoka nyumbani Nyakato ili nione kinachoendelea, tatizo linakwisha. Nikitoka, dakika chache baadaye linarudi. Nimebadilisha kadi ya kumbukumbu mara mbili, nimebadilisha waya wa kamera, nimeweka upya keneli (moyo wa mfumo wa Linux) ya 5.10 ya muuza bodi. Wapi.

#2 Sola_Igoma

Mkuu hiyo ni betri. 7 Ah kwa kamera ya 4K usiku kucha ni kidogo, volti zikishuka alfajiri kila kitu kinayumba. Weka ya 18 Ah ulale.

#3 Fundi_Nyakato

Nilidhani hivyo pia kaka. Nilibeba betri ya gari kwenye kivuko hadi Nansio, nikaiunganisha kwa usiku mbili. Picha zilikatika vile vile, na volti zilikuwa juu mpaka jua linachomoza.

#4 Mwanafunzi_Malimbe

Nasubiri wataalamu, nimekaa pembeni na daftari.

#5 Mzee_wa_Keneli

Fundi, kabla hujanunua kitu kingine, jibu maswali matatu.

Kwanza, usiku kuna mtu yeyote ameunganishwa na hilo kasha? Pili, mchana je? Tatu, nipe majibu ya amri hizi:

ls /sys/class/devfreq/
cat /sys/class/devfreq/dmc/governor
cat /sys/class/devfreq/dmc/available_frequencies

Jina la kidhibiti cha RAM linaweza lisiwe dmc kwenye bodi yako, weka lile utakaloliona.

#6 Fundi_Nyakato

Shikamoo mzee. Usiku hakuna mtu. Mchana vijana wa pale mwaloni wanaunganisha simu zao kwa Wi-Fi ya kasha kuangalia video za alfajiri, hawakosekani wawili watatu.

Kifaa ni dmc. Gavana ni simple_ondemand. Masafa ni 200000000 400000000 800000000.

#7 Mzee_wa_Keneli

Marahaba. Basi nadhani nimeshaliona, lakini nataka ulione mwenyewe kwa macho yako. Leo saa mbili usiku andika

echo 0 > /sys/class/devfreq/dmc/trans_stat

Hiyo inafuta hesabu za zamani za muda ambao RAM imekaa kwenye kila masafa. Kisha toka, usiingie tena mpaka saa kumi na moja alfajiri. Hata ukisikia hamu, usiingie. Ukiingia tu, cat trans_stat liwe jambo la kwanza, kabla hujagusa kingine.

#8 Dada_Ilemela

Mzee, tusaidie na sisi tulio nyuma. Ninajua prosesa inapanda na kushuka mwendo kuokoa umeme. RAM nayo inashuka?

#9 Mzee_wa_Keneli

Inashuka dada, na watu wengi wanaoshika bodi hizi hawajui, kwa sababu mwendo wa prosesa unaonekana kila mahali na wa RAM umejificha. Kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na mfumo unaoitwa devfreq. Ulianzia kwa MyungJoo Ham wa Samsung na ukaingia kwenye keneli 3.2, Januari 2012. Prosesa ilikuwa na mfumo wake, cpufreq, tangu miaka ya nyuma zaidi. Devfreq ikaja kwa vitu visivyo prosesa: kidhibiti cha RAM, mabasi ya ndani ya chipu, GPU.

Kuna pande mbili. Dereva, yaani programu inayoendesha kifaa, anakijua kifaa: anajua masafa yanayoruhusiwa, kila moja na volti zake, na anajua namna ya kubadilisha. Gavana hakijui kifaa, yeye anaamua tu. Kila baada ya muda gavana anamuuliza dereva: katika kipindi kilichopita, barabara ya kwenda RAM ilikuwa na shughuli kiasi gani? Dereva anasoma kaunta zilizo ndani ya kidhibiti cha RAM, anarudisha namba mbili, muda wa kazi na muda wote. Kwa simple_ondemand, kazi ikizidi asilimia 90, anaagiza masafa ya juu kabisa kwa mruko mmoja. Ikiwa chini, anapiga hesabu ya masafa yanayotosha. Hizo 90 ndizo za kuanzia. Dereva anaweza kumpa gavana nyingine.

Magavana wengine ni rahisi. performance anaweka juu muda wote, powersave chini muda wote, userspace anasubiri wewe useme, passive anafuata kifaa kingine.

#10 Nansio_Kwetu

Si aweke performance tu tumalize uzi?

#11 Fundi_Nyakato

Niliwahi kuweka performance kwa kila kitu mkuu, kwa kubahatisha. Picha zilikuwa nzuri sana. Ila wiki ile ilikuwa ya mvua, paneli haikujaza betri, kasha likazima saa kumi na nusu. Mitumbwi minne ilifika baada ya hapo. Nikarudisha kama zamani nikijua nimepotea njia, kumbe jibu nililigusa kwa kidole bila kujua.

#12 Mzee_wa_Keneli

Nansio, hiyo dawa inaponya ugonjwa kwa kumuua mgonjwa. Kasha lile linakaa saa nyingi usiku bila kurekodi chochote. RAM ikikimbia 800 MHz huku hakuna mtumbwi, umeme unatoka bure, na volti za juu zinatoka bure pamoja nayo. Umeme wa saketi unaenda na masafa, na unaenda na volti mara volti. Kwa hiyo kushusha vyote viwili kuna faida kuliko kushusha kimoja. Kwa kasha linalokula sola, hiyo ndiyo tofauti ya kufika asubuhi au kutofika.

#13 Mwanafunzi_Malimbe

Mzee samahani, kuna kitu hakiniingii. Keneli yenyewe iko ndani ya RAM. Dereva naye yuko ndani ya RAM. Sasa anabadilishaje masafa ya kitu alichokalia?

#14 Mzee_wa_Keneli

Swali zuri mno mdogo wangu, na jibu lake ndilo lililonifanya nipende kazi hii.

Fikiria uko ziwani kwenye mtumbwi na unataka kubadilisha mbao za sakafu uliyosimama juu yake. Huwezi. Unahamia kwenye mtumbwi mdogo uliofungwa kando, unafanya kazi, unarudi. Mtumbwi mdogo hapa ni SRAM, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya chipu yenyewe. Msimbo wa kubadilisha unakaa humo. Kwenye chipu kama RK3399, dereva wa keneli habadilishi kwa mkono wake kabisa; anaita programu dhibiti iliyo chini ya keneli, ile Trusted Firmware, na yenyewe ndiyo inayofanya kazi.

Wakati huo vyote vinavyosoma RAM vinasimamishwa, kuanzia viini vya prosesa mpaka kioo na kamera. RAM inawekwa katika hali ya kujihuisha yenyewe, kwa sababu RAM za aina hii zinasahau. Kila seli ni tone la chaji linalovuja. Kwenye DDR3 na DDR4 za kawaida, amri 8192 za kuhuisha zinatolewa ndani ya milisekunde 64, yaani moja kila maikrosekunde 7.8, na joto likipita nyuzi 85 muda huo unakatwa nusu. Kidhibiti kikiacha kutoa amri hizo, lazima RAM ijitunze peke yake. Ndipo saa inabadilishwa, na hesabu zote za muda zinaandikwa upya. Ziandikwe upya kwa nini? Kwa sababu RAM yenyewe haijali masafa yako, inajali nanosekunde. Kama inahitaji nanosekunde 18 kufungua safu, kwa 800 MHz hizo ni mapigo 15, kwa 200 MHz ni mapigo 4. Ukiacha 4 huku unakimbia 800, unasoma kabla safu haijafunguka, unapata takataka.

Na utaratibu wa volti haupinduliwi. Ukipanda, volti zitangulie halafu masafa. Ukishuka, masafa yatangulie halafu volti. Ukikosea hapo hata kwa muda mfupi, saketi inakimbia ikiwa na njaa.

#15 Mwanafunzi_Malimbe

Nimekusoma mzee. Nimeandika yote.

#16 Sola_Igoma

Hilo la hesabu za muda nilishaumia nalo. Niliuziwa bodi, mfumo wake umebandikwa jedwali la masafa la bodi nyingine yenye RAM ya aina tofauti. Ilikuwa inawaka vizuri, inafanya kazi siku mbili tatu, halafu faili zinaharibika moja moja bila kelele. Nilimlaumu kila mtu. Siku nilipofuta masafa ya juu kwenye lile jedwali na kubakisha ya chini, mwezi mzima hakuna faili lililoharibika. Muuzaji simtaji, ila ukinunua bodi pima RAM kwanza kwa kila masafa, usipime kwa moja tu.

#17 Fundi_Nyakato

Mrejesho. Sikuingia usiku kucha, nilijizuia. Saa kumi na moja kamili nikasoma:

From : To
: 200000000 400000000 800000000 time(ms)
*200000000: 0 3 2 32311400
400000000: 4 0 1 51200
800000000: 1 2 0 37400
Total transition : 13

Mitumbwi tisa ilirudi. Video tisa, kila moja dakika kumi. Katika tisa, hakuna hata moja iliyo nzima.

#18 Mzee_wa_Keneli

Soma safu ya mwisho taratibu. Kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na moja ni muda wa saa tisa, yaani milisekunde 32,400,000. RAM imekaa 200 MHz karibu muda wote huo. 400 na 800 ukijumlisha hazifiki dakika moja na nusu. Lakini umerekodi dakika 90 za 4K. Basi karibu dakika zote 90 zilipita kwenye njia nyembamba.

Sasa pima njia. Picha moja ya 4K katika mpangilio ambao kamera hizi hutumia ni pikseli 3840 kwa 2160, baiti moja na nusu kila pikseli. Kwa picha 30 kila sekunde ni megabaiti 373. Hiyo ni kupita mara moja. Kamera inaiandika RAM, enkoda (sehemu ya chipu inayobana video) inaisoma, enkoda inasoma picha zilizotangulia ili kulinganisha, tuseme mbili, kisha inaandika ile iliyojengwa upya kwa ajili ya picha ijayo. Ni mara tano, megabaiti 1,865 kila sekunde. RAM ya biti 32 kwa 200 MHz, ikihamisha mara mbili kila pigo, kwenye karatasi ni megabaiti 1,600. Na karatasi haifikiwi, kwa sababu kuhuisha kunakula muda na kubadilisha safu kunakula muda. Enkoda inakosa chakula, picha inatupwa. Mistari yako ya kijani ni hiyo.

#19 Dada_Ilemela

Naongeza kidogo, maana kamera ndiyo kazi yangu. Usiku chipu nyingi huwasha kupunguza chengachenga kwa kulinganisha na picha iliyopita. Hapo unaongeza kusoma picha nzima mara nyingine. Usiku unadai njia pana kuliko mchana.

#20 Mzee_wa_Keneli

Ahsante dada, hilo sikuwa nimelihesabu.

#21 Fundi_Nyakato

Mzee nimeelewa kwamba RAM ilikuwa chini. Lakini gavana yupo, na ulisema anauliza kila baada ya muda. Kwangu polling_interval inasoma 100, yaani mara kumi kila sekunde. Kwa nini hakupandisha?

#22 Mzee_wa_Keneli

Hapo ndipo penye kiini cha uzi wako. Kwa sababu hakuuliza. Alikuwa amelala.

Wanaokumbuka Kigongo kabla daraja halijafunguliwa 2025, mnakumbuka foleni ya kivuko. Fikiria mhesabu magari aliyeambiwa ahesabu foleni kila dakika tano ili aongeze kivuko, lakini ameambiwa pia: ukiwa umelala usiamke kwa ajili ya hesabu, subiri mpaka mtu akuamshe kwa jambo jingine. Mchana watu wanapita wanamsalimia, anaamka, anahesabu. Usiku foleni inafika barabarani na yeye yuko usingizini.

Taima ya devfreq tangu mwanzo ni ya aina hiyo, inaitwa deferrable. Imewekwa hivyo kwa nia njema, isiwe inaamsha kiini cha prosesa kilicholala kwa ajili ya kuuliza tu. Kwa vifaa vingi ni sahihi: prosesa ikilala, hakuna kazi. RAM si hivyo. Kamera na enkoda zinasoma na kuandika RAM zenyewe kwa DMA, yaani bila kupitia prosesa, nayo prosesa imelala fofofo. Prosesa kuwa kimya hakumaanishi RAM iko kimya.

Utaniuliza, mbona enkoda inapiga intarapti (ishara ya kuiita prosesa) kila ikimaliza picha, mara 30 kwa sekunde, si inaamsha prosesa? Inaamsha kiini kimoja. Taima imepangwa kwenye kiini kimoja pia, na vyaweza visiwe kimoja. Angalia /proc/interrupts.

#23 Fundi_Nyakato

Nimeangalia. Intarapti za enkoda na kamera zote ziko kwenye CPU0. CPU1 na CPU2 hazina hata moja, CPU3 nayo sifuri.

#24 Mzee_wa_Keneli

Basi. Taima ikiwa imeangukia CPU3, CPU0 inaweza kuamka mara elfu na gavana asijue. Wewe ukiingia kwa SSH, mfumo unagawa kazi kwenye viini vyote, CPU3 inaamka, taima iliyochelewa inalia palepale, gavana anahesabu, anaona foleni, anapandisha. Vijana na simu zao mchana wanafanya hivyo hivyo bila kujua. Mtumbwi unapofika usiku viini vinaamka kidogo kuanzisha rekodi, gavana anatupa jicho, barabara bado tupu kwa sababu kamera ndiyo kwanza inawaka, analala tena. Dakika kumi zinaenda.

Usiniamini kwa maneno. Keneli yako ina alama ya kufuatilia, iwashe kabla ya mitumbwi:

echo 1 > /sys/kernel/tracing/events/devfreq/devfreq_monitor/enable

Asubuhi soma /sys/kernel/tracing/trace. Kila gavana anapohesabu, unaandikwa mstari mmoja wenye muda, masafa na mzigo.

#25 Mama_Mitumbwi

Wanangu, habari za leo. Mimi ndiye mwenye hiyo mitumbwi, huyu fundi kanipa kiungo nisome. Mengi yamenipita, lakini la mhesabu kulala nimelielewa vizuri sana. Naomba kujua mambo mawili. Video za nyuma zilizokatika zinaweza kurudishwa? Na mkirekebisha, betri itafika asubuhi? Giza la mwezi huu ndilo lenye dagaa, mbalamwezi ikirudi tunapumzika, sitaki zipite siku hizi bila hesabu.

#26 Fundi_Nyakato

Shikamoo mama. Za nyuma hazirudi mama, picha zilizotupwa hazikuandikwa popote. Kwa hesabu hizo naomba mkae na wavuvi mtumie madaftari, mimi nitawaambia mwenyewe kwamba kosa lilikuwa kwenye kasha, hakuna aliyechezea kamera. La betri nitakujibu nikishapima.

#27 Mama_Mitumbwi

Marahaba mwanangu. Ukiwaambia wewe itasaidia, maana kuna kijana alishashukiwa.

#28 Fundi_Nyakato

Mzee, nimesoma trace. Sikuamini macho yangu. Mstari mmoja umeandikwa sekunde 4127.318, unaofuata 4164.902. Kati yao sekunde 37 na ushee, wakati ilitakiwa iwe sehemu ya kumi ya sekunde. Na katikati ya pengo hilo ndipo mtumbwi wa pili unashusha ndoo.

#29 Mzee_wa_Keneli

Sasa dawa. Tatizo hili walilijua hata walioandika mfumo. Chanwoo Choi, mmoja wa wasimamizi wa devfreq, aliongeza chaguo la taima ya pili, na likaingia kwenye keneli 5.9 mwaka 2020. Dereva wa RAM wa chipu ya Exynos5422 alibadilishwa wakati huo huo aitumie kama kawaida yake. Taima hiyo inaitwa delayed, na inaamsha kiini hata kikiwa kimelala. Wewe una 5.10, kwa hiyo unayo:

echo delayed > /sys/class/devfreq/dmc/timer

Andika, lala, rudi na majibu.

#30 Nansio_Kwetu

Mwenye keneli ya zamani, 4.4 au 4.19, afanyeje?

#31 Mzee_wa_Keneli

Huna faili la timer, lakini una min_freq. Programu inayoanzisha rekodi ipandishe min_freq kabla ya kuwasha kamera, iishushe ikimaliza. Hapo humtegemei gavana kukisia. Anayejua kwamba kazi inakuja ni yule anayeianzisha. Kwa maoni yangu hii ni njia bora hata kwa mwenye keneli mpya.

#32 Fundi_Nyakato

Mrejesho wa usiku wa kwanza na delayed. Video tisa, saba ni nzima. Mbili zina mkato, mfupi lakini upo. Kwenye trace hakuna mapengo tena, mistari inakuja kila milisekunde 100 kama saa. Lakini kwenye zile mbili mzigo unasoma 86, 88, 87, 89 na masafa yamebaki 200.

#33 Mzee_wa_Keneli

Mhesabu yupo macho sasa, lakini ameambiwa apige kelele foleni ikizidi 90. RAM haifiki 100 hata ikiwa imezidiwa, kwa sababu ya ule muda wa kuhuisha na kubadilisha safu ambao hauhesabiwi kama kazi. Ikisoma 88, imeshajaa. Kizingiti cha 90 hakifai kwa RAM, na dereva makini wa kidhibiti cha RAM humpa gavana kizingiti cha chini zaidi. Wako ameacha kile cha kuanzia. Kukibadilisha inabidi ujenge keneli upya. Kwa sasa tumia min_freq wakati wa kurekodi: 400 MHz inakupa megabaiti 3,200 kwenye karatasi, kazi yako ya 1,865 pamoja na ile ya dada Ilemela inaingia na nafasi inabaki. Huhitaji 800.

#34 Fundi_Nyakato

Nimeandika echo 400000 > min_freq kwenye hati ya kurekodi, haikubadilisha kitu. Bado 200.

#35 Dada_Ilemela

Kaka, cpufreq inasoma kwa kilohezi, devfreq inasoma kwa hezi. Umeiomba isishuke chini ya hezi laki nne, na 200 MHz iko juu sana ya hapo, kwa hiyo imekutii. Weka 400000000.

#36 Fundi_Nyakato

Sifuri tatu dada. Ahsante sana.

#37 Fundi_Nyakato

Mrejesho wa usiku nne mfululizo. Nimeacha delayed, na hati ya kurekodi inapandisha min_freq hadi 400000000 kabla ya kamera, inarudisha 200000000 rekodi ikiisha. Kwa kuwa faili hizi zinasahau kasha likizimwa, nimeweka mstari wa delayed kwenye huduma inayoanza pamoja na mfumo.

Video zote ni nzima. Trans_stat inaonyesha RAM inapanda 400 mtumbwi ukifika na kurudi 200 dakika kumi baadaye, idadi ya kupanda inalingana na idadi ya mitumbwi. Betri ilifika asubuhi usiku zote nne, na mmoja ulifuata siku ya mawingu tangu asubuhi.

Jana nilivuka tena. Nilikaa na wavuvi mchangani, dagaa zikiwa zimeanikwa pembeni, nikawaeleza kwa nini video za nyuma zilikatika. Yule kijana aliyeshukiwa alikuwepo. Nilimwonyesha kwenye simu video ya alfajiri ya jana, yeye mwenyewe ndiye anayeshusha. Aliirudisha mara tatu akihesabu ndoo kwa kidole, kumi na nne, akafungua daftari lake, kumi na nne.

#38 Mama_Mitumbwi

Na langu kumi na nne.

#39 Mwanafunzi_Malimbe

Mzee, bodi ninayosomea ina faili la timer na inasoma deferrable. Nikitaka kuona dereva wake anampa gavana kizingiti gani, nianzie wapi kwenye msimbo?

#40 Mzee_wa_Keneli

Fungua drivers/devfreq, tafuta faili lenye jina la chipu yako, ukikosa angalia drivers/memory. Ndani tafuta neno upthreshold. Ukikuta halipo, ujue anatumia 90. Kisha soma governor_simpleondemand.c yote, ni fupi, utaimaliza kabla chai haijapoa. Ukikwama leta hapa.